Kiluwiluwi wa Samaki si Kifaranga

Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Sidhani kuna mwalimu asiyepata kuitumia methali hii kuwaasa wazazi juu ya malezi. Hata hivyo, samaki anayetajwa humo amekwisha kuvuliwa. Yumo kapuni, anasubiri moto. Kuhusu samaki aliye hai, tena mchanga, aliyetoka yaini jana, lugha yetu imesema machache mno. Ninalotaka kulieleza leo ni kwamba uchache huo wa maneno si jambo la kuwashughulisha wanaisimu peke yao. Unawagharimu wakulima wetu samaki, na unawagharimu wanafunzi wetu maarifa.

Tuanzie baharini, ambako jambo lenyewe huonekana kwa uwazi zaidi. Samaki wengi wa baharini hawalei watoto wao. Chukua mfano wa mwatiko, samaki anayejulikana sana na wavuvi wa Kwale, Kilifi na Unguja. Jike lake hutaga mayai kwa mamilioni katika maji ya wazi, kisha huenda zake. Kila yai lina upana wa milimita moja hivi, nalo huelea likichukuliwa na mkondo. Baada ya siku moja au moja na nusu, yai huanguliwa. Anayetoka humo hafanani na samaki tumjuaye. Urefu wake ni milimita tatu au nne, mwili wake ni mwangavu kama kioo, macho yake hayajakomaa, na mdomo wake haujafunguka. Tumboni amebeba mfuko wa kiini cha yai. Kiumbe huyu nitamwita kiluwiluwi, kwa sababu nitakazozitaja baadaye.

Kiini kile ndicho masurufu yake ya safari, na masurufu hayo hayadumu. Katika maji ya joto kama ya pwani yetu, viluwiluwi wa samaki wengi huyamaliza kwa siku chache tu. Kabla hayajaisha, mambo matatu hayana budi kutimia: macho yaanze kuona, mdomo ufunguke, na mbele ya mdomo huo pawepo chakula kinachoweza kupita. La tatu ndilo gumu. Mdomo wa viluwiluwi wengi, unapofunguka kwa mara ya kwanza, haupitishi kitu kinachozidi sehemu mbili au tatu za kumi za milimita. Isitoshe, kiluwiluwi hana uwezo wa kwenda mbali kutafuta riziki, wala haoni mbali. Asipokula kwa siku chache baada ya kiini kwisha, hufikia hali ambayo hata akizungukwa na chakula hana tena nguvu ya kukikamata. Huwa yu hai bado, lakini hukumu imekwisha kupita.

Chakula hicho ni kipi? Ni vile viumbe vidogo mno vinavyochukuliwa na maji, ambavyo wataalamu huviita planktoni. Vimo vya aina mbili kuu. Kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na ambayo kwa jumla hufanya karibu nusu ya kazi yote ya usanisinuru hapa duniani. Kisha kuna wanyama wadogo wanaoila mimea hiyo. Miongoni mwao mashuhuri ni kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Kopepodi mzima hufikia milimita moja hivi, lakini mtoto wake aliyetoka yaini huwa na kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Huyo ndiye tonge la kwanza la viluwiluwi wengi wa baharini. Changu, mwatiko, tasi, jodari wa kilo mia, wote waliwahi kuwa na mdomo usioweza kumeza chembe ya mchanga wa kawaida.

Aliyelitambua jambo hili kwa undani ni mtaalamu wa Norway, Johan Hjort. Wavuvi wa nchi za kaskazini mwa Ulaya walikuwa wamesumbuliwa kwa karne nyingi na fumbo moja: mbona miaka mingine samaki hujaa nyavuni na miaka mingine hutoweka? Wengi walidhani kwamba samaki wamehama. Hjort na wenzake wakaanza kusoma umri wa samaki katika magamba yao, jinsi mkata mbao anavyosoma umri wa mti katika duara za shina lake. Wakagundua kwamba heringi waliozaliwa mwaka mmoja tu, yaani 1904, ndio waliotawala nyavu za Norway kwa miaka mingi iliyofuata. Mayai yalitagwa kila mwaka, lakini walionusurika kwa wingi walikuwa wa mwaka huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1914, Hjort alitoa wazo kwamba hatima ya kizazi kizima huamuliwa mapema sana, katika zile siku ambazo kiini kimekwisha na chakula cha nje kinahitajiwa. Wazo hilo limejadiliwa na kurekebishwa tangu hapo, kwa maana viluwiluwi huuawa pia na maadui na mikondo, lakini hapana aliyelitupa. Mwingereza David Cushing aliliendeleza akasema kwamba muhimu ni kupatana kwa wakati: samaki wataga msimu ambao vyakula vyao vidogo vinachipuka. Wakipishana kwa majuma machache tu, kizazi hupotea.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kila sababu ya kulizingatia hilo. Pwani yetu huishi kwa pepo mbili, kusi na kaskazi, na pepo hizo ndizo zinazovuruga maji, kupandisha rutuba kutoka chini na kuamua mimea midogo ichipuke lini na wapi. Mito kama Sabaki na Tana nayo huteremsha rutuba na tope hadi baharini. Joto la bahari linapopanda, kiluwiluwi hukimaliza kiini chake upesi zaidi, na nafasi yake ya kukutana na tonge la kwanza hupungua.

Kutozijua hatua hizi kuna gharama, na historia inao ushahidi. Huko Flødevigen, Norway, tangu miaka ya 1880 hadi 1971, viluwiluwi wa chewa wa kaskazini waliotoka mayaini karibuni waliachiliwa baharini kwa mamilioni mengi, wakiwa bado na vifuko vya kiini. Nia ilikuwa njema, yaani kuongeza samaki wa wavuvi. Baada ya takriban miaka 90, haikuweza kuthibitishwa kwamba samaki waliongezeka. Watu walikuwa wamehesabu vichwa vya waliozaliwa, ilhali mtihani wenyewe ulikuwa ungali mbele.

Japani ilifuata njia nyingine. Kulikuwako mnyama mdogo wa majini aitwaye rotifa, aliyechukiwa na wafugaji wa mikunga kwa sababu alikuwa akiila mimea midogo na kuyaharibu maji ya vidimbwi vyao. Mwaka 1960 mtaalamu Takashi Ito alipendekeza kwamba mharibifu huyo afugwe kwa makusudi awe chakula cha viluwiluwi wa samaki, kwa kuwa ukubwa wake unawiana na midomo yao. Leo vituo vingi vya kutotoleshea samaki wa baharini ulimwenguni hutegemea rotifa kwa siku za mwanzo, kisha huwapa viluwiluwi mnyama mwingine mkubwa kidogo, aatemia, anayeishi katika maji ya chumvi kali. Mnyama huyo yupo hata kwetu. Aliletwa miaka ya 1980 katika mashamba ya chumvi ya pwani ya kaskazini, upande wa Malindi, na akastawi. Mayai yake makavu huweza kuhifadhiwa mkebeni kwa miaka na kuanguliwa siku anapohitajiwa.

Hata hivyo, wafugaji wengi wa mwatiko katika Kwale na Kilifi bado huutegemea ukarimu wa bahari. Msimu ufikapo, huingia katika hori na vidimbwi vya mikoko na nyavu zenye matundu madogo, wakakinga samaki wadogo waliosukumwa na maji kuelekea ufuoni, kisha huwapeleka katika mabwawa yao. Samaki hao huwa na umri wa majuma mawili au zaidi. Wamekwisha kuvuka lile daraja la njaa. Bahari imewalea, imewachuja, na imemkabidhi mfugaji wachache walionusurika kati ya mamilioni.

Msomaji wa huku Kakamega pengine ananiuliza: bahari iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa; yatuhusu nini haya? Yanatuhusu sana. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao, pamoja na mengine, uliagiza vichimbwe vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa. Hiyo ni jumla ya vidimbwi 28,000 katika nchi nzima, na eneo letu la magharibi, lenye mvua na chemchemi nyingi, lilipata fungu lake. Vingi vya vidimbwi hivyo viliachwa baadaye. Sababu zilikuwa nyingi: bei ya chakula, ukosefu wa mbegu bora, uhaba wa masoko. Lakini nimesimama kando ya vidimbwi vya kutosha katika kaunti hii kusadiki kwamba sababu nyingine ilikuwa maarifa ambayo hayakufika kwa lugha inayoeleweka.

Mkulima mmoja ninayemfahamu alitia samaki wake katika kidimbwi, na baada ya majuma machache maji yakageuka kijani. Akaona aibu. Aliyafungulia maji yote yaende zake, akayaingiza maji meupe ya mtoni, akawaita majirani waone usafi wake. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba ile rangi ya kijani ndiyo iliyokuwa shamba lenyewe. Ilikuwa mimea midogo ya majini, na ndani yake walikuwamo wanyama wadogo wa kuwalisha samaki wachanga bila yeye kutoa senti. Mtaalamu wa ufugaji angemwambia atie chokaa na samadi kwa kiasi ili rangi hiyo ipatikane, kisha aupime ukolevu wake kwa mkono. Atumbukize mkono hadi kiwiko; kiganja kikionekana waziwazi, maji ni maskini, aongeze samadi. Kiganja kikitoweka mapema mno, samadi imezidi, na alfajiri samaki wataonekana juu ya maji wakitweta kwa kukosa oksijeni.

Kuna tofauti ya kuzingatia hapa. Tilapia, au ngege, ambaye ndiye samaki wa vidimbwi vyetu vingi, ni mlezi. Mama hubeba mayai na watoto mdomoni kwa juma moja hadi mawili, mpaka kiini kimekwisha na watoto wanaweza kujitafutia. Kambare si hivyo. Yeye, kama samaki wa baharini, hutaga na kuondoka. Viluwiluwi wake humaliza kiini kwa siku tatu hivi, na anayetaka kuwatotolesha lazima awe na vyakula vidogo vilivyo hai siku hiyo, si kesho yake. Mtu aliyezoea ngege akijaribu kambare kwa mazoea yale yale, atashuhudia beseni zima likifa mbele ya macho yake, naye atadhani amerogwa.

Sasa nirejee katika uwanja wangu. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu, ambao wengi wao watakuwa walimu, aya fupi ya biolojia kuhusu chakula cha samaki wachanga waifasiri kwa Kiswahili. Kiumbe yule yule mmoja aliitwa kwa majina manne: vifaranga, mabuu, viluwiluwi, na watoto wa samaki. Planktoni ziliitwa wadudu, uchafu wa maji, na katika karatasi moja, magugu. Sikuwalaumu. Wamesoma sayansi kwa Kiingereza tangu utotoni, na Kiswahili wamekisoma kama lugha ya insha na ushairi. Hakuna aliyewafundisha kuzioanisha.

Kati ya majina hayo manne, lililoenea zaidi ni kifaranga. Ndilo limo midomoni mwa maofisa wa uvuvi na katika matangazo ya wauzaji. Silikatai. Lina sura nzuri, nalo limekwisha kuzoeleka. Lakini sitiari hufundisha hata pale ambapo hatukuitaka ifundishe. Hapa Kakamega, ambako mgeni wa heshima hapokewi bila kuku, kila mtoto anajua kifaranga ni nini. Ni kiumbe kinachotoka yaini kimekamilika: kina macho, kina mdomo, kina miguu, na kabla ya jua kutua kinadonoa. Hata kisipolishwa siku ile hakidhuriki, kwa sababu kimefyonza kiini tumboni. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa masanduku kwa masanduku bila kulishwa. Mkulima anayeambiwa ana vifaranga wa samaki ataona ni sawa kuwatupia unga siku yoyote ile, wautafune. Jina limemficha jambo moja kubwa: kwamba kuna hatua ambayo samaki hana mdomo, na nyingine ambayo ana mdomo usiopitisha unga.

Linganisha na jina la Kilatini ambalo Kiingereza kiliazima, lava. Asili yake ni mzuka, au kinyago cha kuvaa usoni. Mwanasayansi wa Sweden, Linnaeus, aliliteua katika karne ya 18 kwa sababu sura ya kiumbe mchanga humficha mzima atakayekuja. Planktoni nalo ni neno la Kigiriki lenye maana ya kinachotangatanga, na Mjerumani Victor Hensen ndiye aliyeliingiza katika sayansi mwaka 1887. Nayataja haya ili mwanafunzi asidhani kwamba istilahi za sayansi ziliteremka zikiwa tayari. Zilibuniwa na watu waliotazama, wakalinganisha, wakachagua.

Basi nasi tuchague. Napendekeza tulitenge neno kiluwiluwi kwa samaki aliye kati ya kuanguliwa na kufanana na wazazi wake. Kila mtoto amemwona kiluwiluwi wa chura bwawani, naye anajua kwamba huyo bado si chura. Kifaranga tumwachie samaki aliyevuka hatua hiyo, anayehesabiwa na kuuzwa, kama wale wa mwatiko wanaokingwa mikokoni. Mabuu tuwaachie wadudu. Na planktoni, pamoja na kuliazima neno hilo, tungeweza kuziita vielea, kutokana na kuelea, ili mwanafunzi alisikiapo jina aone kazi.

Wapo watakaonikosoa. Watasema kwamba mtihani ni wa Kiingereza na kwamba kubuni majina ni kupoteza wakati. Najibu kwamba mtihani hudumu saa mbili, na kidimbwi hudumu miaka. Mtaalamu anayeandika ripoti kwa Kiingereza hana budi kuitafsiri siku anapozungumza na mama mwenye kidimbwi kule Shinyalu au Lugari, na asipokuwa na maneno yaliyokwisha kupimwa atabuni yake papo hapo, kama walivyofanya wanafunzi wangu. Wenzetu wa Tanzania walituonyesha njia mapema. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani, tunakisifu kwa hotuba ndefu. Lugha haikuzwi kwa kusifiwa, hukuzwa kwa kupewa kazi.

Kwa walimu ninalo ombi moja lisilohitaji fedha nyingi. Chukueni chupa ya kioo, jazeni maji ya kidimbwi cha kijani, iwekeni dirishani. Wanafunzi waitazame kwa kioo cha kukuzia. Wataona vitone vikirukaruka kwa mishtuko midogo. Hao ni kopepodi na jamaa zao. Waambieni kwamba bahari nzima imejaa ndugu za vitone hivyo, na kwamba samaki wote wakubwa waliovuliwa Lamu, Mombasa au Pemba walianza maisha kwa kukimeza kitone kama hicho au kufa. Kisha waulizeni vinaitwaje kwa Kiswahili, na wasikubaliwe kujibu kwamba ni uchafu.